Watoto wa Yatakwisha

Chilangala, Newala
14 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa, Mama Salome,

Shikamoo yako ya mwaka jana sijaiitikia mpaka leo. Marahaba. Naomba radhi kwa kimya changu. Umeniandikia mara mbili nami sikujibu. Na kila ulipopiga simu nilikuuliza habari za mvua, kisha nikaaga. Kwa mtu aliyefundisha watoto wa wenzake kujibu barua ndani ya juma moja, hii ni aibu, wala sitafuti kisingizio. Ni matumaini yangu kwamba hapo Mkomaindo, Masasi, nyote ni wazima, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo. Mikorosho imezaa kwa wastani, na tumeanza kuokota juma lililopita.

Barua hii inahusu mbwa. Yatakwisha, yule jike wangu mwekundu, alizaa watoto watano tarehe tano Septemba, na wote wako hai. Leo wana siku thelathini na tisa. Wanakimbizana chini ya kichanja cha vyombo, na wameanza kulamba uji, ingawa wanaoumwaga ni mwingi kuliko wanaoula. Hata hivyo bado wanarudi kunyonya, na mama yao hajaanza kuwafukuza.

Watu wamekwisha kuanza kuja. Unaujua msimu huu: korosho ziko chini ya miti, na kila mwenye shamba anataka kitu cha kubweka. Jirani yangu Ashiru amefika mara tatu. Alinieleza kwamba mbwa wake atalala bandani shambani, hatakanyaga ua wa nyumba yake, na kwamba mbwa akichukuliwa angali mchanga humjua bwana mmoja tu. Nilimwambia arudi mwezi ujao. Akaniuliza, “Mwalimu, tusubiri kwanza matokeo yao ya darasa la saba?” Waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka.

Kisha, bila kuniomba ruhusa, akaanza kuwainua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, kama wazee wetu walivyofanya. Unakumbuka walivyosema: anayelia ni mwoga, aachwe, anayenyamaza ni mlinzi, achukuliwe. Wanne walilia. Wa tano, mwenye baka jeupe kifuani, alinyamaza kimya. Ashiru akasema huyo ndiye wake, na kwamba ataondoka naye siku hiyo hiyo. Nilimnyang’anya mkononi, mbele ya watu, nami si mtu wa kunyang’anya. Tangu hapo Ashiru ananisalimia kwa mbali.

Kesho yake nilimwita Bi Shakila, afisa mifugo wa kata. Aliwakagua wote, akawapa dawa ya minyoo, akaagiza kwamba wasiondoke kabla ya kutimiza majuma manane. Kuhusu yule mnyamavu, alisema hana ushujaa wowote. Minyoo na viroboto vimemmaliza damu, na amenyamaza kwa sababu hana nguvu ya kulia. Aliposema hivyo niliomba kigoda nikakaa. Alidhani ni jua.

Siku tatu baadaye mjukuu wetu Ethel alinipigia kwa simu ya mama yake, Salome. Alikuwa amesikia kwamba Yatakwisha amezaa. Aliniamkia vizuri, kisha akasema, “Babu, safari hii nitampashia maziwa. Sitampa ya baridi tena.” Nilimwambia kwamba mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao haukuwa unasumbua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikutaka kulisema kwa simu. Yule mbwa niliyewatumia mwaka jana, aliyekufa siku ya tatu, niliwaambia kwamba alikuwa ametimiza miezi miwili. Si kweli. Alikuwa na siku thelathini na nne. Tarehe ya kuzaliwa kwake nilikuwa nimeiandika kwa mkaa ukutani. Vitalis, yule kijana aliyewaletea kikapu, alikuwa anashuka Masasi kwa pikipiki Alhamisi ile, nami sikutaka safari hiyo inipite. Nilimwinua mbwa kwa shingo, akanyamaza, nikajisifu mbele ya Vitalis kwamba nawapelekea askari. Asubuhi hiyo alikuwa hajagusa uji wake. Niliona. Nikamtia kikapuni, nikafunga.

Uliponiarifu kwamba amekufa, nilikuandikia barua ile kali, kwamba nyumba yako haina utaratibu na kwamba mtoto amemwua mbwa kwa maziwa ya baridi. Sikuwa na ushahidi. Nilihitaji mtu wa kubebeshwa kosa, nikamchagua mdogo kuliko wote. Barua hiyo uichome au uitunze, kama utakavyoona. Nakuomba umketishe Ethel, umsomee maneno haya kama yalivyo, usiyapunguze:

Ethel, mjukuu wangu, mbwa wako hakufa kwa maziwa yako. Alikuja kwako akiwa mgonjwa na kabla ya wakati wake. Mimi nilijua, nikamtuma. Wewe ulimpa ulichokuwa nacho. Kosa ni la Babu Nikolao.

Safari hii hakuna mtoto atakayeondoka hapa kabla ya tarehe thelathini na moja. Nimewatangazia wote, Ashiru akiwamo, na anayeona ni mbali atafute mbwa kwingine. Yule mwenye baka nimemwekea Ethel, iwapo bado anataka kitu kutoka kwangu. Kwa mbwa huyo sitahesabu siku tu. Nataka kumwona akimaliza chakula chake mwenyewe kwa juma zima, akilala mbali na mama yake, akipigania nafasi yake kati ya wenzake. Ikihitajika miezi mitatu, atakaa miezi mitatu. Wala sitamtuma kwa mkono wa mtu; nitamleta mwenyewe.

Nisalimie Salome, na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Siku nitakapoamua kwamba mbwa yuko tayari, nitakuandikia kabla sijapanda gari, ili unijibu kama na mimi naweza kuingia nyumbani kwako, au nimkabidhi Ethel mbwa wake mlangoni, nirudi.

Ni mimi kaka yako,
Nikolao