Kipa Aliyetekwa Msibani

Kilwa Kivinje,
Ijumaa, 20 Agosti 1954.

Mpendwa mpwa wangu Tawakali,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Natumai barua hii itakukuta huko Mombasa u mzima, wewe na mkeo Sada na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa roho, endelea kusoma.

Nakupa tena pole ya bibi yako, Bi Kazija. Simu ya maandishi tuliyokupelekea ilikuwa fupi mno kwa mtu aliyewalea wewe na mdogo wako Bakary tangu mlipofiwa na wazazi. Alizikwa vizuri baada ya adhuhuri, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya Idi. Hata waliokuwa hawasemezani naye walikuja, nadhani kuhakikisha.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshona mfuko wa kanzu ya watu mgongoni.

Unajua kwamba Bakary ndiye golikipa wa Chuo cha Ualimu cha Mitanga, kule Lindi. Usilolijua ni kwamba chuo kimefika fainali ya Kombe la Vyuo la Tanganyika nzima. Inachezwa kesho Dar es Salaam, dhidi ya vijana wa Tabora. Tangu kombe hilo lianze, hakuna chuo cha kwetu Kusini kilichowahi kulishika, hata kulifuta vumbi.

Kibaraza changu cha cherehani kimegeuka bunge. Xaveri, yule mfunga vidonda wa hospitali aliyetoka Rondo, anasema kombe ni letu. Hoja yake ni kwamba vijana wetu wamefanya mazoezi kwenye mchanga wa pwani, basi wakikanyaga uwanja wa majani watapaa. Abilahi muuza samaki anamjibu, "Kupaa hata kunguru anapaa, bwana. Umemwona amefunga goli?" Anasema Tabora wana senta fowadi mwenye mguu kama mchi, na wote wanavaa viatu, wakati nusu ya timu yetu kiatu kinawapa malengelenge. Mimi nakata vitambaa na kunyamaza, kwa sababu fundi akishabikia upande mmoja anapoteza wateja wa upande wa pili.

Lakini wote wawili wanakubaliana jambo moja: bila Bakary golini, tusijisumbue. Mwaka mzima amefungwa goli moja tu, na hilo alifungwa na beki wake mwenyewe. Kipa wa akiba ni Abdala, kijana mwema sana, ila mpira ukimjia anafumba macho.

Na Bakary alikuwa msibani.

Baba yenu mkubwa, Mzee Fakihi, alitamka mbele ya jamaa wote kwamba mjukuu aliyelelewa na marehemu hatoki nyumbani kwenda kuchezacheza mpaka hitima ya arobaini isomwe. Akaongeza kwamba atakayetoka asirudi kumwita baba. Bakary hakubisha. Aliniambia tu, tukiteka maji kisimani, "Mjomba, nikienda nitaonekana sina uchungu. Nisipoenda, wenzangu wote wamekwisha." Kisha akabeba ndoo. Mimi ni mjomba tu, wa upande wa mama. Msibani kwenu kazi yangu ni kubeba maji na kufunga mdomo, na maji niliyabeba.

Lori la timu kutoka Lindi lilikuwa lipite hapa Jumatatu. Jumapili watani wetu Wangindo wakaja kuanua matanga, wakiongozwa na Bi Mwahija. Unamkumbuka, yule ambaye kwenye msiba wa babu yako alilala ndani ya jeneza na kudai linambana. Safari hii alijifunga kanga ya marehemu, akashika mkongojo wake, akainama vilevile, akakohoa kile kikohozi chake cha ugoro. Wallahi, Tawakali, nilitaka kusimama nimwamkie. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao usoni.

Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bakary. "Mume wangu," akasema, kwa sauti ileile, "mbona umekaa kama gunia la chumvi? Waume za wenzangu wako uwanjani, wewe unanilindia kaburi? Nani kakwambia nitatoroka?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bakary naye alicheka, kisha akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Bi Mwahija akamzungushia kanga kiunoni, akafunga fundo, akatangaza, "Huyu ni wangu. Nimemteka!" Akamvuta mpaka nyumbani kwake.

Mila unaijua. Anachochukua mtani msibani hakilalamikiwi. Kinakombolewa, au kinaachwa kiende. Mzee Fakihi ni mtu wa mila kuliko sisi sote, hasa mila inapokuwa upande wake. Akamfuata na jogoo mkononi.

"Jogoo?" Bi Mwahija akashangaa. "Kwa golikipa? Hata mlinda ndege wa mpunga nisingekupa, Fakihi! Kaniletee beberu mweupe, wale wako wa Pande."

"Bibi, Pande ni mbali."

"Basi niachie mume."

Baba yenu mkubwa akaondoka saa ileile. Alipiga hesabu kwamba Jumatatu asubuhi atakuwa amerudi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa binadamu. Hakumhesabia beberu, ambaye hakutaka kuhama Pande, na alilala chini kila walipofika penye kivuli.

Jumatatu mchana lori likafika. Mwalimu wao, Bwana Klementi, ni mtu wa bara na mila zetu hazijui. Akauliza kwa adabu kijana yuko chini ya mamlaka ya nani. Watu wakamwonyesha Bi Mwahija, na yeye akasema, "Mchukue, nimekuazima. Ukimrudisha amefungwa magoli, utabaki wewe." Lori likaondoka na Bakary, kanga ya bibi yake bado kiunoni.

Watu wanasema mimi ndiye niliyempanga Bi Mwahija. Uongo mtupu. Jumamosi nilimpelekea tambuu, kama jirani, na tulizungumza habari za mpira kidogo kwa sababu hali ya hewa haikuwa na la kuzungumzwa.

Mzee Fakihi alifika Jumanne adhuhuri na beberu wake, akakuta vumbi. Siku tatu nzima hajapita mbele ya duka langu, na kwa watu amekuwa akisema, "Ngojeni Tawakali apate habari." Ndiyo maana nilianza kukuandikia, kukuomba umwandikie neno laini wewe uliye mkubwa wa Bakary, kijana asije akarudi na kombe akakuta hana kwao.

Nilikuwa nimefika hapo, Tawakali, pale kivuli kilipoingia dukani. Ni yeye. Amekaa kwenye kiti cha wateja, amekitazama kitambaa muda mrefu, mwishowe akauliza, "Hao Tabora, mashuti yao ni ya juu au ya chini?"

Nikamwambia nasikia ni ya chini.

"Ya chini ndiyo mabaya," akasema. Akainuka, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa. "Unamwandikia nani?"

"Tawakali."

"Mwandikie kwamba mimi ndiye niliyemruhusu mdogo wake." Akaenda tena mpaka mlangoni. "Ila bahasha usiifunge mpaka kesho jioni."

Basi nakuandikia kama nilivyoagizwa: baba yako mkubwa, Mzee Fakihi, ndiye aliyemruhusu Bakary. Beberu amefungwa uani kwake. Wakishinda atachinjwa, wakishindwa ataliwa kwenye hitima, kwa hiyo yeye peke yake mjini hana wasiwasi na matokeo.

Shangazi yako Mboni anakusalimu na anauliza kama ile kanga ya Mombasa bado inatafutwa. Xaveri na Abilahi wanakusalimu, kila mmoja peke yake. Nisalimie Sada, wabusu watoto. Mungu amrehemu bibi yenu, akupe nguvu ya kazi huko bandarini, na aifumbue macho mikono ya Bakary.

Bahasha naifunga sasa hivi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye siku zote,
Maftaha Likwata, fundi cherehani.