Umri Wangu wa Chernobili

Abu Hamour, Doha
31 Agosti 2018

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui nyie huko. Mguu wako vipi? Simu napewa Ijumaa tu, ndiyo maana naandika kirefu.

Bosi, mumewe, mtoto wao na dada zake bosi walikwenda kutembea Ukraine, wakanichukua niwabebee mikoba. Tulifika Chernobili, pale kinu cha nyuklia kilipolipuka zamani na watu wote wakahamishwa. Mama, msitu umeuchukua mji! Mti umeota katikati ya darasa, madawati bado yapo. Mbweha alitupita barabarani bila haraka, kama mwenye mtaa.

Lakini kuna jambo. Getini, mtembeza wageni alisema walio chini ya miaka kumi na minane hawaingii, miili yao bado inakua. Nasser, mtoto wa bosi, ana kumi na sita, akabaki garini na baba yake. Nikataka kubaki nao. Bosi akacheka: "Bibi kizee, unaogopa nini? Una ishirini na nne wewe!" Akanifungulia pasipoti yangu. Ni kweli imeandikwa nimezaliwa 1994. Ilikuwa kwa Mjomba Makame, kisha kwa bosi, sikuwahi kuifungua.

Niliona haya kumbishia mbele za watu. Nikaingia.

Mama, nani aliandika vile?

Mwanao, Tatu

Tanga
2 Septemba 2018

Mwanangu Tatu,

Marahaba. Mguu afadhali. Mjomba wako anasema hayo ni makosa ya uandishi tu. Usimwambie bosi, watakurudisha, na paa la jikoni limeezekwa upande mmoja. Hukohoi? Kunywa maziwa. Nani mwingine ameiona hiyo pasipoti?

Mama yako

Abu Hamour, Doha
14 Septemba 2018

Mama,

Shikamoo. Naomba Mungu mguu umepona. Ijumaa iliyopita simu nilipewa, ila sikuandika. Nilikuwa nawaza.

Sikohoi. Lakini kama ni makosa tu, kwa nini unauliza nani ameiona?

Siku ya picha ya pasipoti ulinifunga kilemba chako, ukanipaka wanja, ukaniambia, "Usicheke, kaza uso." Nilidhani unanipamba.

Ulijua, Mama?

Tatu

Abu Hamour, Doha
28 Septemba 2018

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, na simu inaonyesha umesoma.

Jana nilimwambia bosi umri wangu. Aliniuliza mara mbili. Kisha akamtazama Nasser, akasema, "Na mimi ndiye niliyekuingiza mle." Leo tiketi amekata. Nafika Alhamisi.

Njoo unipokee, nimekukumbuka sana. Mjomba Makame usije naye. Na kile kilemba usikivae.

Mwanao wa miaka kumi na saba,
Tatu