Mtakatifu Aliyekataa Kuondoka

Shoga, umewahi kuona mtakatifu akigoma jukwaani?

Leo sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule. Mjukuu wangu ndiye aliyemwigiza: yule mama aliyewaacha wanawe akaenda kuuguza wagonjwa wa tauni, akafia huko. Joho nimemshonea mwenyewe kwa shuka jeupe.

Akafika pale pa kusema, "Kwaherini wanangu, Mungu ananiita." Kimya! Mwalimu ananong'ona, "Sema kwaheri, wewe!" Wapi! Kawakumbatia wenzake walioigiza wanawe, akasema, "Siendi."

Siendi, shoga! Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi nilishindwa kucheka. Si unajua mama yake, binti yangu nesi, alivyokwenda kambi ya kipindupindu akarudi jenezani.

Nikapanda kumchukua. Akanishika shingo, akasema, "Bibi, kila mtu anamsifu mama. Mimi nilitaka abaki."