Mkanda Ambao Hamisi Hakuupata

Jumamosi, 5 Oktoba 1996

Nimeshuka Moshi mjini kutoka Kibosho kama kawaida. Kwanza majani ya ng'ombe, kisha kumwogesha mama, kisha mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai ili aukute wa moto mchana. Jirani kaahidi kumchungulia.

Ligi leo ilikuwa "adui aliyekufa vibaya kuliko wote". Tulikuwa watatu kama siku zote, nyuma ya duka la mikanda ya video la Hamisi pale Majengo, baada ya alasiri wateja wakipungua. Hamisi anachomoa karatasi kwenye kopo, anasoma aina ya picha, kila mtu anataja anayoipenda na kuitetea. Huruhusiwi kujipigia kura. Wa mwisho ananunua soda. Atakayeongoza mpaka Krismasi atachagua picha ya sikukuu.

Prosper, fundi redio wa Pasua, alimleta jambazi aliyezama kwenye pipa la lami. Akashinda. Mimi nilimleta mfalme aliyeumwa na nyoka wake mwenyewe. Nikanunua soda.

Chai alileta mke wa Hamisi. Akaweka, akaondoka. Nikasema asante shemeji.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya kwanza. Mahubiri marefu. Mama hakuweza kwenda, mguu unamsumbua baridi ikizidi. Ndugu zangu wa Dar hawajaandika tangu Pasaka.

Niandike ukweli kidogo, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi picha sizipendi kiasi hicho. Ninashuka Majengo kila Jumamosi kwa ajili ya ile chai. Miaka minane sasa. Nina miaka arobaini na moja, ni mwalimu wa darasa la tano, na saa nzuri kuliko zote katika wiki yangu ni kikombe cha chai kinacholetwa na mke wa mtu.

Anaitwa Fatuma. Alibadili dini alipoolewa. Hapa nitamwita Felista. Hapa hakuna wa kunikataza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sikushuka. Ng'ombe kazaa. Ndama jike, mzima. Nilifurahi, nikatafuta wa kumwambia. Nikamwambia mama. Akasema vizuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefanya upumbavu.

Karatasi ilisema "picha ya mapenzi iliyoisha vibaya". Prosper alitoa ya Kihindi, bwana harusi kafa huku farasi wake bado anacheza ngoma. Hamisi akatoa ya daktari aliyempasua mchumba wake bila kumjua. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa na ya kusema, niliiandaa njiani. Lakini nilisikia vikombe vikigongana nyuma ya pazia, nikajua yupo anamimina, na mdomo ukaanza kusema mambo mengine.

Nikawaambia kuna picha moja ya zamani. Kijana ni kitinda mimba, yeye ndiye wa kubaki nyumbani na wazazi. Baba hayupo. Anapatana na msichana anayejifunza ushonaji mjini waondoke pamoja kwa treni, wakaanze maisha mbali. Siku moja kabla, mama yake kijana anateleza kwenye tope, anavunjika nyonga. Kijana anambeba kwenda hospitali. Treni inaondoka. Baada ya wiki mbili anapata nafasi ya kwenda kumtafuta msichana, anaambiwa kaondoka siku ile ile. Hakungoja. Hakuuliza. Kijana anarudi kwa mama yake. Picha inaisha anakata majani.

Prosper akasema stelingi gani huyo, hapigi hata kofi moja. Lakini akanipa kura. Hamisi naye akanipa. Mara ya kwanza kushinda tangu Agosti.

Hamisi akauliza jina la picha. Nikasema mkanda ulikuwa umechanika karatasi ya jina, nilioneshwa Arusha nikiwa chuo. Akaandika kwenye daftari lake la kuagizia.

Chai ilichelewa. Alipoileta hakuniangalia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimefundisha vibaya. Nimemchapa mwanafunzi kwa kosa dogo, halafu nikaona aibu.

Hakuna picha kama hiyo. Ni mimi na Felista, mwaka wa themanini na nne. Badala ya treni lilikuwa basi la Tanga. Nilibadilisha hilo tu.

Hamisi hajui. Alimpata huko huko Tanga, akiwa mshonaji, akamleta Moshi mwaka wa themanini na nane. Siku aliyonitambulisha alisema huyu naye ni wa Kibosho, labda mnafahamiana. Felista akasema Kibosho ni kubwa. Akanipa mkono. Tangu siku hiyo tumeishi hivyo.

Sijawahi kumuuliza kwa nini hakungoja. Ningemuuliza wapi?

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimeshuka nikiomba Hamisi awe amesahau. Hakusahau. Kaulizia kwa mtu anayemletea mikanda kutoka Arusha, na kwa mwingine wa Nairobi. Anasema picha kama ile wanawake wa Majengo wataipigania. Anataka nimwambie stelingi alikuwa Mhindi au Mzungu. Nikasema sikumbuki vizuri. Prosper akacheka, mwalimu gani asiyekumbuka rangi ya mtu.

Hapo pazia likafunguka. Felista alikuwa na sinia mkononi. Akasema, "Mimi nimeiona hiyo picha. Mwisho wake si huo."

Hamisi akafurahi kweli kweli. Akamuuliza aliiona wapi, akajibu Tanga, zamani. Akaweka sinia, akasimulia akiwa amesimama. Sauti yake kama mtu anayesoma tangazo la misa.

Akasema msichana alingoja. Basi la kwanza likaondoka, akangoja la pili. Siku ya nne akapanda mlima kwa miguu mpaka kwa kina kijana. Hakumkuta. Alimkuta mama yake, kesharudishwa kutoka hospitali, kalala, nyonga imefungwa. Mama akamwambia mwanangu ameshaposa, pombe ya mbege imeshapelekwa kwa wakwe huko Uru, rudi kwenu binti. Msichana akashuka mjini. Jioni hiyo ndipo alipopanda basi.

Nilisahau kwamba mimi nilisema treni. Yeye alisema basi. Prosper alilisikia, akasema kumbe ni picha mbili tofauti.

Felista akamalizia, akiniangalia mimi kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane: "Kijana hakuonekana tena kwenye picha. Nilidhani hajali."

Nimesahau nilivyorudi. Nakumbuka tu nilipanda kwa miguu kutoka barabara kubwa, na mvua.

Jumapili, 27 Oktoba

Sikwenda misa. Nimempikia mama. Nimemlisha. Sijamuuliza. Naogopa atasema ni uongo, nami nitamwamini.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bado.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimemuuliza.

Nilikuwa nampaka mafuta ya mguu. Nikamwuliza kwa Kichagga, bila kupandisha sauti, kama mwaka ule alikuja msichana hapa nikiwa nimekwenda kuchukua dawa. Nilidhani atauliza msichana gani. Hakuuliza. Akasema alivaa sweta ya njano, na viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope.

Anakumbuka sweta. Miaka kumi na miwili.

Nikamuuliza kwa nini alimwambia vile. Akasema, "Ningebaki na nani?"

Nikafunga chupa ya mafuta. Nikatoka nje nikakaa na ndama.

Jumamosi, 2 Novemba

Sikushuka. Nimepogoa kahawa tangu asubuhi. Nimekata hata matawi yasiyostahili kukatwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku ya tisa sizungumzi na mama zaidi ya kula na kunywa dawa. Namwogesha. Namgeuza. Namfunika. Mikono inafanya yote, mimi sipo.

Nina hasira naye. Niandike tena. Nina hasira na mama yangu, mwenye miaka sabini na sita, asiyeweza kusimama bila bega langu. Na nina hasira na mimi. Alidanganya mara moja, mchana mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kuandika barua moja, sikuandika. Nilijiona ndiye niliyeachwa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Sikushuka. Prosper alipanda mpaka huku, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimsalimu mama shikamoo, akakaa, akala ndizi. Aliniambia ligi imepooza. Wiki jana Hamisi alichomoa karatasi, akaisoma, akairudisha kwenye kopo. Prosper akaniuliza kama tumegombana. Nikasema hapana. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Wakati wa kuondoka alisimama getini akasema ile picha yangu ilikuwa nzuri hata kama haipo. Sijui anajua kiasi gani. Ni mtu mwema. Nilitaka abaki. Sikumwambia.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo mama ameanza yeye. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, nachochea moto. Akasema nikakate sale.

Nilidhani anataka kutengeneza ua. Akasema si kwa ua. Nikate jani moja zuri, nimpelekee yule binti, nimwambie limetoka kwake. Kwetu jani la sale ndilo la kuombea radhi. Ukilipokea umesamehe, na kulikataa ni jambo zito. Tangu nizaliwe sijamwona mama akimpelekea mtu sale. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akipelekewa.

Nikamwambia binti yule sasa ni mke wa mtu, na ni Mwislamu. Akasema, "Alizaliwa Kibosho. Atalijua."

Halafu akasema na mimi nimletee moja, nitakapokuwa tayari, au yeye aniletee mimi. Hajui nani anamdai nani. Nikamwambia tuache kwanza.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimelikata asubuhi, bado lina umande. Nimelifunga fundo kama inavyotakiwa, nikalifunika kwa gazeti.

Sikutaka kulipeleka kwa siri. Njia nzima nililifikiria hilo. Nikaona nikimpa pazia likiwa limefungwa nitakuwa nimeanza kitu kingine, na Hamisi hajanikosea chochote. Alinikaribisha nyumbani kwake kila Jumamosi kwa miaka minane.

Hamisi alikuwa kaunta, Felista anapanga mikanda iliyorudishwa. Hakukuwa na mteja. Nikasalimu. Nikasema, "Hamisi, mama amenituma kwa shemeji. Naomba nimpe mbele yako."

Nikafungua gazeti. Hamisi kazaliwa Moshi, hakuhitaji kuelezwa sale ni nini. Akalitazama jani, akamtazama mke wake, akanitazama mimi. Nikaona anavyofika, hatua kwa hatua. Basi la Tanga. Mshonaji. Kibosho ni kubwa.

Felista alifuta mikono kwenye kanga. Akalipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Akasema, "Mwambie mama nimepokea." Machozi hayakumtoka. Alilishika tu, akalaza kidole juu ya fundo, halafu akaingia ndani nalo. Hakurudi.

Hamisi akavuta daftari la kuagizia. Akatafuta ukurasa, akapiga mstari. Akasema ile picha haitapatikana. Nikasema haitapatikana. Nikamwambia tangu alipomleta Moshi hakuna neno tulilosema mimi na mke wake zaidi ya asante na karibu. Akasema anajua. Akasema hilo ndilo linalomsumbua, kwamba wawili wanaweza kunyamaza hivyo ndani ya nyumba yake na yeye asisikie.

Akanisindikiza mpaka mlangoni. Hakunifukuza. Alisema, "Ligi tutaisimamisha kidogo, mwalimu."

Siku zote ananiita kwa jina, Eligi.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemwambia mama kwamba limepokelewa. Akafumba macho. Nilidhani kalala. Baadaye akaomba maji.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Barabara imekatika chini ya parokia. Shuleni wamefika nusu ya watoto. Nimesahihisha madaftari ya hesabu, mengi mabaya.

Nimekuwa nikijiuliza kama nimepata kitu au nimepoteza. Sasa najua alingoja. Nilidhani kujua kutanipunguzia. Kumeongeza. Zamani nilikuwa na mtu wa kulaumu Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi chai.

Jumamosi, 23 Novemba

Sikushuka. Saa za alasiri mwili wenyewe ulitaka kuondoka, nikavaa viatu, nikavua.

Nimekaa na mama karibu na moto. Halafu akauliza huko mjini Jumamosi tulikuwa tunafanya nini hasa. Miaka yote hiyo hajawahi kuuliza, wala mimi kumwambia. Nikamweleza ligi. Kopo, karatasi, kura, soda. Akaona ni mchezo wa watoto. Kisha akasema nimsimulie moja.

Nikamsimulia ile ya mtu aliyepigana na majambazi tisa jikoni kwa ufagio. Kwa Kichagga ilikuwa ngumu, maneno mengine hayapo, nikawa naonesha kwa mwiko. Alifuatilia vizuri. Aliuliza ufagio ulikuwa wa aina gani. Aliuliza kama chakula kilimwagika. Mwishoni yule mtu anaondoka peke yake barabarani, jua linazama, hatujui anakwenda wapi.

Mama akauliza kama hana mama.

Nikafikiri. Nikasema kwenye picha hawakumwonesha.

Akasema, "Basi angalau yeye alikwenda."

Tukakaa. Nikamuuliza kama anasikia baridi, akasema kidogo. Nikaleta blanketi la pili, nikamfunika miguu, nikaweka kuni moja.