Mgomba wa Babu

Busia, Alhamisi

Babu alizama na meli ya mizigo mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili. Leo nimeliona jina lake kwenye orodha ya wachochea makaa wa meli hiyo.

Miaka minne nilitafuta kwenye orodha za wanajeshi tu. Mimi, wakala wa forodha, nilisahau kuwa meli ina wafanyakazi.

Senge, yaani shangazi yangu, binti wa Babu, aliomba tuzike mgomba badala ya mwili, kama desturi yetu. Kwa kuwa sikuwa nimeliona jina popote, nilimkatalia mbele ya ukoo: "Huyo mzee alitoroka, akaoa Uganda."

"Wewe boss wa makaratasi," akasema, "hata babako ungemdai stempu." Walicheka. Nilinuna mwezi mzima.

Naona aibu. Nimemwandikia: Senge, nilikosea. Utaniruhusu nichimbe hilo kaburi mimi? Nijibu ndiyo au hapana kabla ya saa nne kesho asubuhi.