Marais Wawili Kwenye Televisheni ya Jirani

Mjukuu wangu Kapinga,

Huku Kapata tuko wazima, na dada amejifungua mtoto wa kike. Mimi ningali mwanafunzi, lakini nina jina la bibi yako, ndiyo maana unaniita nkambo, yaani bibi, nami naitika.

Umeuliza kulitokea nini mwaka wa kuzaliwa kwako. Kwa mara ya kwanza nchini mwetu, rais alimwachia mwenzake kiti kwa amani. Baba, kwa hofu ya vita, alikuwa amefunga mizigo yetu tukimbilie Mutshatsha. Tulitazama televisheni kwa jirani.

“Ule wa zamani eko wapi?” mama akauliza.

“Mama, fungua macho!” nikamwambia. “Ule pale, muzima. Banapeana mukono.”

“Bote babili?”

Baba alisimama kama yuko kanisani. Sikuwahi kuona watu wazima wakishangaa hivyo.

Tuliporudi nyumbani, mama alifungua mzigo, akatoa sufuria, akapika bukari, ugali wetu wa kila siku.

Nkambo wako mdogo,
Ngalula