Uwanja Tuliouchimba kwa Salongo

Himbi, Goma,
21 Septemba 2025

Kwa Akonkwa,
Liège, Ubelgiji

Mpendwa mdogo wangu Akonkwa,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama yetu alitufundisha kwamba hata mtu uliyemkasirikia husalimiwa kabla ya kuambiwa neno. Hujambo? Laurence mke wako anaendeleaje na mgongo wake? Na Gradi, ambaye nasikia amekupita kwa urefu na hajui neno hata moja la Kishi, lugha yetu, anasoma vizuri?

Mimi naendelea kushuka. Miguu imevimba, na nikishapanda ngazi mbili za baraza moyo unataka kupumzika saa nzima. Daktari aliponipima safari hii hakuandika dawa mpya. Aliniuliza kama watoto wangu wote wamejulishwa. Mimi ni mwalimu, nimesahihisha majibu maisha yangu yote, swali kama hilo nalielewa.

Nimechagua karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti unaufuta kwa kidole kabla sijafika katikati. Bagalwa, jirani yangu, anavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kesho na ataituma kutoka huko. Karatasi hii, usipoitaka, itabidi uichane kwa mikono yako mwenyewe.

Nimesikia ule ujumbe wako wa sauti kwa komite ya wazazi. Edmond, direktere aliyekuja baada yangu, aliniwekea nikausikia, akiwa amefurahi sana. Umesema marafiki zako wa huko watajenga jengo la maternele katika shule yetu, vyumba viwili na ukumbi, kwa ajili ya wadogo wa miaka mitatu na minne. Umesema lijengwe kwenye uwanja wa chini, kwa sababu pale ni sawa, hakuna kuvunja makoro, yale mawe meusi ya volkano. Umesema pia jina lako liandikwe juu ya mlango. Nilimwomba Edmond auweke tena, si kwa sababu sikusikia, bali nilitaka kujua kama sauti yako ingetetemeka mahali popote. Haikutetemeka.

Kwa hiyo nitaandika mambo tunayoyajua sisi wawili, kama mtu anayemwandikia mgeni, ili mkeo na mwanao wakisoma wasipotee.

Shule ile tuliijenga kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, wewe ukiwa prezida wa wazazi na mimi direktrisi. Kila Jumamosi wazazi walikuja na nyundo na mitarimbo, walimu wakakunja mikono ya mashati, tukavunja makoro palepale kwenye parseli yetu, kiwanja cha shule, ili tupate mawe ya kuta. Wanawake walibeba, wanaume walipiga, walimu walipanga. Sijawahi kuona watu wakipendana kwa kazi namna ile. Kadiri kuta zilivyopanda, ndivyo shimo lilivyoshuka. Mwishowe upande wa chini pakawa na bonde zuri, sawasawa kama meza, na wewe ukasema, "Angalia, Mungu ametupa uwanja wa bure." Tukauita uwanja wa chini. Watoto wakaanza kuchezea pale.

Wazazi wengi walikuwa wageni wa mji huu, wametoka Bukavu, Rutshuru, Butembo. Sisi tulikuwa tumekaa Himbi miaka mingi. Tulijua mazuku ni nini. Tulijua kwamba huku kwetu kuna pumzi mbaya inayotoka kwenye nyufa za mawe, haina rangi, haina moshi, na ni nzito kuliko hewa, basi inalala mabondeni kama maji, hasa asubuhi ambapo upepo haujaamka. Wima unaweza kupita bila kujua. Ukiinama, unalala.

Na tulionywa. Mbuzi wa jirani alikutwa amekufa katikati ya uwanja bila jeraha. Mimi na wewe tulimwona. Majani ya kandokando yalikuwa yamekauka wakati wa mvua. Uliita watu wakamwondoa yule mbuzi, ukamwambia mwenye mbuzi kwamba mnyama wake amekula sumu ya panya. Sherehe ya kufungua shule ilikuwa imekaribia, mkaguzi alikuwa anakuja, na wewe ulikuwa umeshaandaa hotuba yako juu ya ushirikiano wa wazazi na walimu. Nilikutazama, ukanitazama, tukaongea habari za viti vya wageni.

Wiki iliyofuata Christa alikufa.

Alikuwa wa darasa la pili, binti wa Masika anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi ile watoto walitumwa kuokota takataka uwanja wa chini kabla ya masomo. Wenzake walipanda, yeye akachuchumaa akicheza na vijiwe. Mwalimu wake alikuwa Théoneste Nshimiyimana, yule kijana wa Kalengera. Alipoona hayupo kwenye mstari alishuka mbio, akamwinua, akampandisha begani. Alifika juu akiyumba, akatapika mbele ya darasa la tano, akaanguka magoti bila kumwachia mtoto.

Wazazi waliokuwa kwenye lango waliona hayo tu: mwalimu anayumba, anatapika, mtoto hapumui. Mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema amempiga. Wa tatu akauliza huyu alitoka wapi, na ulipotajwa upande anakotoka, ambao wengi waliulaumu kwa vita, hakukuwa na haja ya maneno zaidi. Ulikuwepo, Akonkwa. Ulisimama juu ya lile jiwe la bendera, na mimi niliamini utasema kweli. Ulisema, "Wazazi, mutulie, komite itachukua hatua." Hatua. Jioni walivunja mlango wa chumba alichopanga, wakachoma godoro lake.

Théoneste ni Msabato. Hajawahi kugusa hata kasiksi, pombe ya ndizi.

Usiku ule ulikuja kwangu. Nilikuambia twende kwa Masika tuseme ni mazuku. Ukanijibu ukiwa umeshika kikombe cha chai yangu, "Dada, tukisema hivyo, ni sisi tutafungwa. Mwalimu ni mutu wa kupita. Shule ni yetu." Nilikasirika, nikapaza sauti, nikalia. Kisha nikaandika ripoti kwamba mwalimu Nshimiyimana alikuwa amelewa kazini, nikaitia saini na mhuri. Hakuna aliyenishika mkono. Najua kuandika, na niliandika vizuri.

Nakiri hilo hapa kama nilivyolikiri mbele ya padri. Sijisafishi kwa kukuchafua. Uchafu wangu unatosha kwa mtu mmoja. Lakini wewe ulipanda ndege mwaka uliofuata, na mimi nilibaki kumwona Masika kila Jumapili akipiga magoti benchi la mbele.

Nikuambie pia jambo linaloniuma mpaka leo kuhusu ule ushirikiano wako. Walimu wenzake wote walijua Théoneste hanywi. Hakuna aliyefungua mdomo. Ni wazazi waliokuwa wakiwalisha, kwa sababu serikali ilikuwa haijaandikisha jina la hata mmoja wao. Mwalimu anayekula kwa mkono wa mzazi hawezi kumwambia mzazi kwamba amekosea. Nilikaa katikati yao nikiwaona wanatazama viatu vyao, nikasema moyoni hawa ni waoga. Mimi niliyekuwa nimeandikishwa na nikipata mshahara.

Uwanja tuliufunga kwa miiba, tukasema ni kwa heshima ya marehemu. Hilo lilikuwa wazo lako pia, na watu walikusifu. Sasa miiba imeoza, waliojua kidogo wamehama kwa vita, na wewe unataka kuwapeleka pale watoto ambao vichwa vyao vinafika kwenye mapaja ya mama zao.

Nilimwambia Edmond peke yake kwanza. Aliniitikia "ndiyo, mama" kwa ile sauti wanayotumia kwa wazee wanaojikojolea. Basi nikangoja mkutano wa wazazi wa kufungua mwaka, uliofanyika jana. Nilikwenda kwa chukudu, ndiyo, ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi, maana pikipiki moyo wangu hauiwezi. Watu walicheka barabarani na mimi nikacheka nao. Niliomba mkutano uanze mapema, jua halijawa kali, tena tukutanie kwenye ukingo wa uwanja wa chini. Asubuhi ilikuwa tulivu, hata moshi wa majiko ulikuwa umesimama wima.

Nilipoanza kusema, Edmond akanikata. "Mama yetu amechoka. Wazazi, tumushukuru, tumusindikize nyumbani."

"Nitakwenda," nikamwambia, "ukishanifungia mshumaa kwenye hili kopo."

Mzazi mmoja akasema, "Sasa tumekuwa kwa misa?" Wakacheka tena.

Mwalimu wa darasa la sita akawasha mshumaa ndani ya kopo la maziwa, akalifunga kamba, akaliteremsha shimoni polepole. Uliwaka vizuri. Ukaendelea kuwaka. Ulipokaribia chini, kabla kopo halijagusa ardhi, ukazimika kama umebanwa na vidole. Wakaupandisha, wakauwasha, wakateremsha upande mwingine. Ukazimika kwenye kimo kilekile. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa umri wa maternele amesimama mbele yake. Alitazama kamba, akatazama kichwa cha mtoto, akamwinua na kumshika kiunoni, akarudi nyuma bila kugeuka.

Ndipo nikasema yote. Mbuzi, ripoti, kikombe cha chai, jina langu, jina lako.

Masika alikuwa pale kwa ajili ya mjukuu wake. Alinijia taratibu, watu wakampa njia.

"Mama Domitille. Siku ya matanga ulikuja kwangu na ndoo ya maharagi."

"Nilikuja."

"Ulilia na mimi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na yale machozi yalikuwa ya kweli?"

"Yalikuwa ya kweli."

Akafikiri. "Basi uko mubaya kuliko ungekuwa unadanganya." Kisha akawageukia wengine. "Miaka yote hii nimemulaani yule mwalimu katika sala. Jina lake. Kila siku. Nani atarudisha zile laana kwangu?" Akamwambia Edmond, "Hapa hapajengwi. Mwenye kuleta msingi hapa ataanza na mimi."

Edmond akajaribu kusema kwamba zawadi ni ya uwanja huu tu, mahali pengine wafadhili hawatakubali. Walimu wakainuka, Akonkwa. Mwalimu wa darasa la sita, bado ameshika kamba, akasema kwamba asiyemwamini ateremke yeye mwenyewe na alale chini kidogo. Wengine wakasimama nyuma yake. Sijui nani anawalisha sasa, lakini walisimama. Wazazi na walimu wameamua pamoja kwamba shimo lijazwe mawe kwa salongo, kila familia na mabega yake, na hakuna mtoto atakayesogea pale mpaka lijae.

Edmond atakupigia simu akuambie bibi kizee amechanganyikiwa, na kwamba neno lako moja linaweza kuwabadilisha. Usijisumbue. Nimewaandikia wafadhili wako kwa Kifaransa, na Kifaransa changu cha ualimu bado hakijachakaa. Nimewaambia kwa nini jengo haliwezi kukaa pale na kwa nini jina lako haliwezi kukaa juu ya mlango wowote wa shule. Barua niliyowaandikia imetoka kabla ya hii. Sikukuomba ruhusa, kama nawe hukuniomba siku ile unakunywa chai yangu.

Nimempigia simu Théoneste pia. Analima maharagi Kalengera, hakufundisha tena. Nilimweleza nilichosema mkutanoni, na kwamba nimeandika kuifuta ripoti yangu. Akasema, "Mama, baba yangu alikufa akijua mimi ni mulevi niliyeua mutoto. Sasa unataka niseme aksanti?" Nikasema hapana. Akakata. Alikuwa na haki. Nimelala nayo, na nitakwenda nayo.

Kwa hiyo nabaki na neno moja kwako. Wewe una miguu mizima, una pasipoti, una umri. Njoo. Usije kunizika, wapo watakaonizika. Njoo usimame mbele ya Masika useme wewe mwenyewe kilichomuua mwanawe, kisha upande gari uende Kalengera hata kama barabara ni mbaya, ugonge mlango, na ukifungiwa ugonge tena. Nimekulea wewe tangu baba alipofariki. Nilikufungia kamba za viatu, nikakufundisha kusoma, nikakuficha ulipokosea, na hilo la mwisho ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Sikufichi tena.

Nisalimie Laurence, umwambie simlaumu kwa lolote. Nisalimie Gradi, umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Joviale binti yangu anawasalimu, ndiye anayenigeuza kitandani. Bagalwa na mkewe wanakusalimu pia, hawajui kilichomo ndani ya bahasha.

Nakuombea kwa Mungu maisha marefu, Akonkwa. Sikuombei kwa upole. Akupe miaka mingi, yenye afya na kumbukumbu nzuri, usisahau hata asubuhi moja, ili usipate sababu ya kusema muda haukutosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekuonea haya tena,

Domitille